Baba na Mwana Hawawi Rika Moja: Kitabu cha Raja Shehadeh Kisomwapo Rungwe

Katika fasihi yetu ya Kiswahili mzazi asemapo na mtoto husema kwa wasia. Mwana Kupona alimwachia binti yake utendi mwaka 1858, na Shaaban Robert alitunga Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwanawe wa kiume na Utenzi wa Hati kwa ajili ya binti yake. Mzazi hunena, mtoto husikiliza, na jibu la mtoto halimo kitabuni. Hatulitafuti jibu hilo kwa kuwa adabu imetufundisha kwamba jibu la wasia ni mwenendo, na mwenendo hauandikwi. Kwa hiyo kitabu ambacho ndani yake mwana ndiye asemaye, na baba amekwisha kufa, na wasia wenyewe haukupata kutamkwa, ni kitu kinachostahili kutazamwa kwa makini na wanafunzi wa fasihi wa nchi hizi, ijapokuwa kimeandikwa mbali nasi na kwa lugha isiyo yetu.

Kitabu chenyewe ni cha Raja Shehadeh, wakili na mwandishi wa mji wa Ramallah katika Palestina. Kilitolewa mwaka 2022 kwa jina la We Could Have Been Friends, My Father and I, ambalo kwa Kiswahili twaweza kulisema: Tungaliweza Kuwa Marafiki, Baba Yangu na Mimi. Nia yangu katika kurasa hizi ni kulipinga jina hilo. Nakiona kitabu kuwa bora kuliko jina lake, na nafikiri kwamba msomaji aliyepata kufikiri juu ya wilaya ya Rungwe na desturi zake za kale ana mahali pazuri pa kusimama ili aone sababu. Maana huko Unyakyusa suala hili hili, la namna baba na mwana wanavyopasa kukaa wakati mamlaka hayana budi kutoka mkono mmoja na kuingia mwingine, halikuachwa kwa moyo wa mtu mmoja mmoja. Liliwekewa desturi, siku na mahali.

Kwanza nieleze habari za watu wawili hawa. Aziz Shehadeh, baba, alizaliwa Bethlehem mwaka 1912, akawa wakili katika mji wa Jaffa, kando ya bahari. Vita vya mwaka 1948 vilipofika mjini aliwachukua jamaa zake akapanda nao milimani hadi Ramallah, akitumaini kukaa siku chache tu. Hakurudi tena kuwa mwenyeji wa Jaffa. Katika kitabu cha awali, Strangers in the House, kilichotoka mwaka 2002, mwana amesimulia jinsi baba alivyokuwa akitazama usiku taa za pwani, akiamini kwamba aonazo ni taa za mji wake. Baada ya vita vya 1967, ambavyo kwavyo Israeli iliitwaa Ramallah pia, njia ya kwenda pwani ilifunguka. Aziz akashuka kwenda kutazama, akatambua kwamba muda wote ule alikuwa akizitazama taa za Tel Aviv, na Jaffa yake ilikuwa gizani. Sijui habari nyingine katika maandishi ya siku hizi inayoonyesha hali ya mkimbizi kwa maneno machache hivyo.

Lakini Aziz hakuwa mtu wa kutazama taa tu. Mwaka 1949 alikwenda Lausanne, Uswisi, katika ujumbe wa wakimbizi, kudai haki ya kurudi makwao katika mkutano ambao serikali zote zilizohudhuria zingependa zaidi wakimbizi wasiwe na sauti yao wenyewe. Kisha aliishitaki benki ya Barclays kwa ajili ya fedha za wakimbizi zilizozuiliwa katika akaunti zao, akashinda. Katika miaka ya 1950 serikali ya Jordan, iliyokuwa ikitawala upande ule wa mto, ilimtia katika gereza la jangwani la Al-Jafr. Na mara baada ya vita vya 1967 alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kusema hadharani kwamba Wapalestina waunde dola yao kando ya Israeli na kuishi nayo kwa amani. Kwa neno hilo redio za miji mikuu ya Kiarabu zilimwita msaliti. Tarehe 2 Desemba 1985 alichomwa kisu nje ya nyumba yake, akafa. Upelelezi ulikuwa mikononi mwa polisi wa Israeli, na hakuna mtu aliyepata kuhukumiwa kwa mauaji hayo.

Raja alizaliwa mwaka 1951, katika nyumba ya uhamishoni. Alisoma sheria London, akarudi kufanya kazi katika ofisi ya baba yake, na mwaka 1979 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Al-Haq, chama cha kutetea haki za binadamu kwa njia ya sheria. Alikusanya amri za kijeshi, moja baada ya moja, akaonyesha jinsi ardhi inavyochukuliwa kwa karatasi kabla ya kuchukuliwa kwa jembe la trekta. Kijana huyu aliona kwamba baba yake hakuithamini kazi hiyo. Baba aliona, yamkini, kijana aingiaye mlango ambao yeye mwenyewe aliupita zamani, na wala haulizi ni nani aliyeufungua. Ofisi ilikuwa moja, meza zilikuwa mbili, na maneno yalikuwa machache. Baada ya mauaji, makaratasi ya baba yalikaa kabatini miaka mingi bila ya kusomwa na mwana. Alipoyafungua mwishowe, alikuta humo kesi, barua na hoja zilizofanana mno na zake, zilizoandikwa miaka thelathini kabla yake. Hicho ndicho kitabu: mwana anasoma majalada ya baba.

Kwa upande wa sanaa, kitabu hakikwenda kwa mwendo mmoja. Kila Shehadeh afunguapo jalada, iwe ni la Lausanne, la benki au la gereza, maandishi yake hukaza. Hujua aandikalo, hupima ushahidi, humpa baba nafasi ya kuwa mtu wa siasa mwenye akili na makosa. Kila aliachapo jalada na kurudi katika majuto, kwamba laiti wangalizungumza, laiti angaliuliza, maandishi hulegea, nasi twaanza kusikia jambo lile lile kwa mara ya tatu na ya nne. Msomaji mkali atasema kwamba haya ni mapungufu ya mtindo tu. Mimi nadhani ni zaidi ya hayo. Mwandishi ameshika mambo mawili yasiyokaa pamoja: ushahidi wake wasema jambo moja, na jina la kitabu lasema jingine. Ili nilieleze hilo yanipasa nimpeleke msomaji Rungwe, na huko nitakawia kidogo.

Mji wa Tukuyu, ambao Wajerumani waliuita Neu-Langenburg walipoufanya makao ya serikali yao, umekaa katika nchi ya mvua nyingi, migomba, kahawa na chai, chini ya mlima Rungwe wenye urefu wa karibu mita 2,960. Hapo Godfrey na Monica Wilson walifanya uchunguzi wao kati ya mwaka 1934 na 1938. Godfrey alifariki mwaka 1944. Mkewe akaendelea kuandika peke yake, na mwaka 1951 kikatoka kitabu cha Good Company, yaani Ushirika Mwema, ambacho kimesomwa duniani kote na watu wasiojua hata Tukuyu iko upande gani wa Tanganyika. Habari kubwa ya kitabu hicho ni vijiji vya marika. Mtoto wa kiume alipofikia umri wa miaka kumi au kumi na mmoja aliacha kulala nyumbani kwa baba yake. Yeye na wenziwe wa rika lake walijenga vibanda vyao pembezoni mwa kijiji cha baba zao, na hapo, kadiri walivyokua, walioa na kukaa mpaka vibanda vikawa kijiji kamili. Chakula walikula kwa mama zao, wakizunguka kundi zima kutoka nyumba hii hata nyumba ile. Shamba walilima la baba. Lakini mazungumzo, dhihaka, usingizi na siri zilikuwa za rika.

Wanyakyusa wenyewe walitoa sababu ya heshima: haifai kizazi kimoja kijue habari za chumbani za kizazi kingine, na mke wa mwana alipasa kumwepuka kabisa baba mkwe, asimtazame wala asikutane naye njiani. Pamoja na sababu hiyo walikuwa na neno ukwangala, ambalo ndilo lililompa Monica Wilson jina la kitabu chake. Ukwangala ni raha ya kukaa na watu, kuzungumza, kunywa na kula pamoja kwa uhuru, na uhuru huo hupatikana kwa walio sawa. Mtu hukwangala na wenzi wake. Kwa baba ana heshima, ana kazi ya jembe, ana hofu ya manung'uniko yake, na ana tumaini la ng'ombe wa mahari. Mtu ambaye angetaka urafiki na babaye angeonekana kuwa ameshindwa kupata wenzi.

Basi mamlaka yalihamaje? Mara moja katika kila kizazi ilifanywa sherehe ya ubusoka, maana yake kutoka. Watoto wakubwa wa malafyale, yaani chifu, pamoja na rika lao, ambao wakubwa wao walikwisha kupita miaka thelathini, walitokezwa mbele ya watu kuwa wenye nchi. Moto wa zamani ulizimwa ukawashwa mpya. Viongozi wapya wa vijiji, amafumu, walichaguliwa miongoni mwa watu wasio wa ukoo wa malafyale. Nchi iligawanywa, na wazee walisogea kando ili vijana wapate ardhi. Haya yote yalifanywa wazee wakiwa hai, wakiona kwa macho yao. Na juu ya malafyale mzee ilitarajiwa kwamba hatakawia kufa baada ya hapo, kwa maana kazi yake imekwisha.

Sisemi kwamba nchi ile ilikuwa pepo ya kizazi na kizazi. Wazee waliokuwa na wake wengi walikuwa ndio wenye ng'ombe, na kijana alilima miaka mingi akingojea wa kuolea. Urithi ulipita kwanza kwa ndugu wa marehemu kabla ya kumfikia mwana, kwa hiyo kungoja kuliongezwa kungoja. Binti hakuwa na kijiji cha rika lake. Alitoka kwa baba akaingia kwa mume. Tena wako wataalamu waliokuja baadaye wakatilia shaka kama mpango ule ulikuwa timilifu na wa kale kiasi kilichoandikwa, na shaka hiyo ni ya haki: mtafiti ahojiye wazee juu ya ujana wao aghalabu huonyeshwa nyumba iliyokwisha kufagiliwa. Hata hivyo kiini cha jambo kinasimama. Watu hawa walikubali kwamba kati ya baba na mwana wapo ugomvi wa mamlaka, hawakuuita ukosefu wa mapenzi, wakautengenezea njia ya kupita.

Kilichoifunga njia hiyo ni utawala wa kigeni na mambo yaliyofuatana nao. Wajerumani waliivunja nguvu ya machifu kwa silaha katika miaka ya 1890. Waingereza, walipoleta katika miaka ya 1920 utawala wa kupitia wenyeji, walimfanya malafyale kuwa mtumishi wa serikali mwenye mshahara na mahakama. Na mtumishi wa serikali hatoki kwa sababu mwanawe amekua, hutoka akiondolewa na bwana shauri. Kahawa nayo ilikuja. Mkahawa hukaa ardhini miaka mingi, na mtu aliyepanda mikahawa na kujenga nyumba ya matofali hasogei kando kumpisha mtu yeyote, hata mtoto wa mgongo wake. Vijana wakaenda katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, na wengine katika migodi ya shaba ya kusini na ya dhahabu ya Afrika Kusini, wakarudi na fedha. Aliyerudi na fedha hakuhitaji tena kungoja ng'ombe wa baba. Wamisheni walikusanya waumini wao katika vijiji ambamo baba na mwana walikaa ua kwa ua. Monica Wilson aliyaeleza mabadiliko haya katika kitabu kingine, For Men and Elders, cha mwaka 1977. Chama cha TANU kilipoundwa mwaka 1954, vijana wa nchi nzima waliona njia ya kufikia mamlaka ambayo haikupita mlangoni pa mzee yeyote. Na mwaka 1963, miaka miwili baada ya uhuru, uchifu wenyewe ukafutwa kisheria. Tangu hapo kijana wa Rungwe aliyegombana na baba yake juu ya shamba au juu ya siasa aligombana naye peke yake, nyumbani, bila moto wa kuzima wala wa kuwasha. Ugomvi ule ule wa zamani ukawa aibu ya familia.

Sasa na turudi kwa Shehadeh, tukipitia kwa Ngũgĩ wa Thiong'o, maana riwaya yake ya Weep Not, Child, ya mwaka 1964, ni daraja zuri kati ya Ramallah na Rungwe. Ngotho ni kibarua wa Mzungu Howlands katika ardhi iliyokuwa ya wazee wake, naye anangojea siku ardhi itakaporudi. Mwanawe Boro amerudi kutoka vita vya pili vya dunia, ambako nduguye Mwangi alikufa, na hawezi kumsamehe baba kwa kungoja kwake. Hapa pana baba asiye na kitu cha kumkabidhi mwana isipokuwa hadithi ya ardhi, na mwana anayemchukia kwa sababu hadithi haiwezi kulimwa. Mwishoni Ngotho anajitwalia hatia ya kumwua Jacobo ili kuwaokoa watoto wake, anateswa, na Boro anafika kumwomba msamaha akiwa kitandani pa mauti. Baada ya hapo Boro anakwenda kumwua Howlands. Ngũgĩ hakuandika kwamba wawili hawa wangaliweza kuwa marafiki. Alijua kwamba jambo walilokosa lilikuwa ardhi, na kwamba ardhi ingalikuwapo, ukali wao ungalikuwa ukali wa kawaida wa mzee na kijana, wenye kuisha kwa mpangilio wake.

Hilo ndilo shauri langu kwa jina la kitabu cha Shehadeh. Aziz alikuwa na mambo ya kumkabidhi mwanawe: ofisi iliyokuwa Jaffa, mji wenyewe, heshima ya wakili mbele ya mahakama zenye nguvu, na baadaye shauri la siasa la mwaka 1967. Jaffa ilitwaliwa. Mahakama zikawekwa chini ya amri za jeshi. Shauri lilikataliwa na Israeli, na kwa Waarabu wenzake likaitwa usaliti. Mtu wa namna hii hawezi kufanya ubusoka. Hana nchi ya kugawa wala moto wa kuzima. Anabaki na mwana ndani ya chumba kimoja cha ofisi, wote wawili wamekuwa rika moja kwa nguvu, kwa sababu utawala wa kijeshi umewafanya kuwa sawa katika kutokuwa na kitu. Usawa huo ndio ulioleta ile hali ya baridi. Baba amwonapo mwana akifanya kazi yake yeye kana kwamba haikupata kufanywa, na mwana amwonapo baba akinyamaza, kila mmoja humdhania mwenziwe kuwa amekosa upendo. Kwa kweli aliyewakosesha ni mwingine, na jina lake limo katika kila jalada ambalo Raja mwenyewe amelifungua.

Mtu aweza kunijibu kwamba namhukumu mwandishi kwa sheria isiyo yake. Shehadeh ni mtu wa mji, wa ukoo wa mawakili, na katika nyumba za watu wa namna hiyo, Ramallah kama London, kijana huruhusiwa kutamani kuzungumza na baba kama mwenzi. Ni kweli, wala simkatazi kutamani. Nasema tu kwamba kitabu chake chenyewe hakimuungi mkono. Tazama mahali ambapo Aziz anakuwa hai kabisa katika kurasa hizi. Si pale mwana anapowaza mazungumzo ambayo hayakuwapo. Ni pale anapomfuata Lausanne, anapoona mjumbe asiye na dola akigonga milango ya wenye dola, na anapotambua, kwa jicho la wakili mwenziwe, kwamba hoja ilikuwa nzuri. Ni pale anapoisoma kesi ya benki na kuona werevu wake. Hapo mwana hamtafuti rafiki. Anapokea kazi. Aziz hakupata siku ya kuwatokeza vijana na kusogea kando. Kabati lile limefanya kwa miaka ishirini na zaidi kazi ambayo kwa Wanyakyusa ilifanywa kwa siku chache za sherehe, na limeifanya vibaya, kwa kuchelewa, na kwa upande mmoja tu, maana aliyepaswa kutazama hakuwapo.

Katika jambo moja naona kwamba desturi ya Rungwe inamshinda Shehadeh waziwazi, nalo ni kuwa na shahidi. Ubusoka ulifanywa mbele ya watu, na kijiji kizima kiliweza kusema kesho yake ni nani aliyepokea na amepokea nini. Shehadeh anapokea peke yake mezani, akiwa na karatasi, na ndiyo sababu haamini kwamba amepokea, ndiyo sababu anarudia majuto. Mama zao vijana wa Unyakyusa, waliolisha kundi zima la marika, walikuwa kati ya kizazi na kizazi kila siku. Katika kitabu hiki wanawake wa nyumba wako nyuma, na nadhani lile la mwaka 2002 lilikuwa tajiri zaidi kwa upande huo, kwa kuwa nyumba yenyewe, pamoja na wazee wake wa kike waliokumbuka Jaffa, ilipewa nafasi ya kusema. Mwanafunzi atakayetaka kuusoma ukoo huu vizuri avisome vitabu viwili pamoja, na aanze na kile cha kwanza.

Juu ya mauaji ya mwaka 1985 mwandishi amejizuia sana. Anajua habari zaidi kuliko polisi walivyokubali kusema, lakini hakukigeuza kitabu kuwa hadithi ya upelelezi, na kwa kufanya hivyo amemwokoa baba yake asikumbukwe kwa kifo chake tu. Katika vitabu vyetu vya wapigania uhuru, ambamo mara nyingi shujaa huanza kuishi siku ile anapokufa, kujizuia kwa namna hii kungefaa kuigwa.

Limebaki jambo la tafsiri. Natumaini kwamba kitabu hiki kitatiwa katika Kiswahili, na atakayefanya kazi hiyo atakutana na taabu katika neno la kwanza. Rafiki ni neno jepesi kwetu. Humfaa jirani, humfaa hata mtu tuliyekutana naye katika basi. Mwenzi limekwisha kuchukuliwa na watu wa ndoa. Mwandani lina siri ndani yake, na baba na mwana hawa hawakuwa na siri ya pamoja. Kama ningepewa kuchagua, ningeliacha lile la urafiki na kutumia neno rika, hata kama litamfanya msomaji wa pwani asimame kidogo: Laiti Tungalikuwa Rika Moja. Jina hilo litasema matamanio ya mwandishi kama alivyoyataka, na papo hapo litamwambia msomaji kwamba lisingewezekana.